Kofia za Kuku

Mama alikuwa na adui mmoja tu duniani, na adui huyo aliitwa Bi Furaha.

"Mwanamke hana haya huyu," alisema, mguu ukikanyaga cherehani na simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. "Sikilizeni alichoniandikia leo. 'Mpendwa mchezaji, tunaelewa jinsi hali hii inavyokukera. Suala lako tunalifanyia kazi. Asante kwa uvumilivu wako.' Uvumilivu gani? Nani kamwambia mimi mvumilivu?"

Baba, dereva mstaafu wa malori, alikuwa amejilaza kwenye kochi. "Mama watoto, si ni gemu tu?"

"Gemu tu! Na wewe ulipolilia mpira juzi, nilikwambia ni mpira tu?"

Baba akageukia ukuta, maana kulia alilia kweli.

Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa mezani anakula. Hakuinua uso. Alitafuna polepole kama mtu aliyeng'ata jiwe, kwa sababu Bi Furaha alikuwa yeye.

Hili nalisema mapema, msije mkanilaumu baadaye. Kitinda aliajiriwa kwenye kampuni inayotengeneza gemu ya Mtaa Wangu, ile iliyoingia kwenye simu za watu wazima mpaka wakasahau sufuria jikoni. Mtu anajenga mtaa wake humo: duka la mikate, shule, zahanati. Anafuga kuku, anawauzia mayai majirani, na majirani hao ni watu kweli wenye simu zao. Mchezaji akilalamika, hujibiwa na Bi Furaha, mwanamke wa kwenye picha mwenye meno meupe kupita kiasi. Kwa wanaoandika Kiswahili, nyuma ya meno yale kulikuwa na Kitinda peke yake. Mkataba ulimkataza kumwambia mtu yeyote. Nyumbani alisema anafanya huduma kwa wateja, ofisini, kwenye kompyuta, na Mama akamalizia mwenyewe: wateja wake wote wa nguo walikwisha kuambiwa kwamba binti yake ni mkubwa wa idara.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa daraja. Ukijenga mtaa wako ukaumaliza, unafika mtoni, na kwenye ukingo wa mto kuna kibao: Daraja Linakuja Hivi Karibuni. Kibao kile kilisimama pale tangu masika ya mwaka uliopita. Mama alikuwa amekwisha kupaka shule rangi, amepanda maua mpaka nyuma ya choo, kuku wamezaana hadi hawana pa kukanyaga, na sasa kazi yake ilikuwa kuutazama mto. Daraja halikuja. Kilichokuja kila Ijumaa, bila kukosa, ni kofia za kuku. Kofia ya majani, kofia ya harusi, kofia ya mvua, zote za kununua kwa hela halisi inayokatwa kwenye simu.

"Kuku avae kofia aende wapi," Mama alisema, "na daraja hakuna?"

"Kwani humo kwenye gemu unajiitaje, Mama?" Kitinda aliuliza, ili tu aseme kitu.

"Hilo halikuhusu. Siri yangu na kuku wangu."

Tone la maji likadondoka juu ya kitambaa. Mama akakinyakua. Baba akainuka bila kuambiwa, akashika upande mmoja wa cherehani, Mama upande wa pili, wakaisogeza mpaka karibu na mlango. Kitinda akaweka beseni palipovuja. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi mno, hata hawakuhitaji kusemezana.

"Mwezi huu nitaita fundi wa bati, Mama," Kitinda alisema.

"Haya, mwanangu."

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Kitinda. Ahadi ya bati ilikuwa ya mshahara wa kwanza. Tangu hapo kila mwezi hela ilionekana haitoshi, na kwa kuwa hakutaka kuingia nyumbani mikono mitupu, alipita dukani akamletea Mama kitu kizuri: pazia, saa ya ukutani yenye umbo la tofaa, maua ya plastiki. Mama alishukuru kila mara, akavipanga vyote kwenye ule ukuta ambao maji hayafiki.

&nbsp;

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na watu wake wote walinukia mpira. Pembeni ya kioo cha kompyuta ya Kitinda palibandikwa karatasi yenye majibu kumi na matatu. Mchezaji akiuliza hili, jibu la kwanza. Akiuliza lile, la pili. Daraja lilikuwa jibu la nne. Kitinda aliliandika mara nyingi kwa siku hata vidole vilikuwa vinaliandika vyenyewe huku yeye anawaza mambo yake.

Meneja alikuja amebeba kompyuta iliyofunuliwa, kama mtu aliyebeba sinia la chai. Alikuwa kijana mwenye suti inayombana kwapani, anayeogopa makao makuu kuliko kifo.

"Bi Furaha," alisema. Hakuwa akimwita jina jingine. "Umeona alichofanya Kamanda?"

Kamanda alijulikana ofisi nzima. Alianza kwa kulalamika kama wengine, kisha akaandika kwenye ubao wa wachezaji: Asinunue mtu kofia mpaka daraja lijengwe. Maneno hayo tu. Watu wakafuata. Mitaa yote sasa ilijaa kuku wenye vichwa wazi. Kofia ya Ijumaa iliyopita ilinunuliwa na mtu mmoja, naye aliandika jioni ileile kuomba arudishiwe hela, akisema mtoto wake mchanga ndiye aliyebonyeza.

"Ni kijana wa chuo huyu," alisema Meneja. "Aina yake naijua. Ana ndevu, hana kazi, anakaa kwa mama yake, analala mpaka mchana. Makao makuu wanataka anyamaze. Mpe almasi elfu kumi za kwenye gemu na Kofia ya Dhahabu. Sharti atangaze kwamba mgomo umekwisha, kabla ya Jumatatu."

"Akikataa?"

"Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi, au siyo? Wakiniuliza kama kazi unaiweza, niwajibu nini?"

Kitinda aliacha kuandika. Akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza tangu aajiriwe. "Meneja, hivi daraja litakuja lini kweli?"

Meneja akatazama mlango, akashusha sauti. "Wajenzi wa daraja walikuwa wawili."

"Walikuwa?"

"Wamehamishiwa kwenye kofia."

Kitinda akaangua kicheko. Meneja naye akacheka, mpaka alipokumbuka kwamba yeye ni meneja.

Kamanda akapelekewa almasi zake na kofia yake. Majibu yalirudi chai haijapoa: "Bi Furaha, mimi nina kuku mia mbili, na wote wana akili kuliko aliyekutuma. Hiyo Kofia ya Dhahabu mvike meneja wako atembee nayo barabarani. Mimi nataka daraja." Dada wa meza ya pili aliyasoma kwa sauti na ofisi nzima ikacheka, Kitinda akicheka kuliko wote, hadi alipokumbuka kwamba kinachochekwa ni kibarua chake.

&nbsp;

Jumamosi mvua ilinyesha kama imetumwa. Kitinda alikuwa amepewa simu ya ofisi aje nayo nyumbani aendelee kumbembeleza Kamanda. Alikuwa amekuja pia na mto wa kochi wenye umbo la moyo, bado uko ndani ya mfuko wake, kwa sababu mshahara wa nusu ya mwezi ulikuwa umetoka na bati lilikuwa bado ghali.

Mvua safari hii ilipata tundu jipya, karibu na mlango, palepale wanapoihamishia cherehani. Maji yaliingia kwenye gauni la bibi harusi ambalo mwenyewe alikuwa amekuja kulichukua. Doa la kutu likakaa kifuani, kubwa kama kiganja.

"Fundi, hii nini?" aliuliza yule bibi harusi.

"Nisamehe, mama. Nitalifua, nitalibadilisha kipande. Kesho asubuhi utalikuta."

"Si ulisema binti yako ni mkubwa wa idara? Hawezi kununua bati?"

Alilitupa gauni kwenye kiti akaondoka na mwavuli wake. Kitinda alikuwa amesimama palepale na mto wake wa moyo. Mama hakumtazama. Alichukua gauni, akaanza kulisugua doa kwa sabuni, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kitinda, hivi bati ni lini?"

Aibu ilikuwa imemjaa Kitinda hadi kooni, na kichwa kimechoka kwa juma zima la kubembeleza. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Tunaelewa jinsi hali hii inavyokukera," alisema. "Suala lako tunalifanyia kazi. Asante kwa uvumilivu wako."

Mvua tu ndiyo iliyokuwa ikisema juu ya bati.

Mama aliweka gauni chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua simu yake pale kwenye kopo la vifungo, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, midomo ikifuatisha. Alipomaliza, simu ya ofisi ikalia juu ya kochi. Kitinda akaiokota. Ujumbe ulitoka kwa Kamanda.

"Bi Furaha, umekula?"

Kitinda akausoma. Akamtazama Mama. Akausoma tena.

"Kamanda?" alisema.

"Bi Furaha?" alisema Mama.

"Nani?" alisema Baba, aliyekuwa kachutama na beseni.

Mama ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha kuishiwa nguvu, akashika ukuta. Kisha hasira ikamfika.

"Yaani mimi nimekutukana mwaka mzima, na wewe uko mezani unatafuna? Nimekuita mwanamke asiye na haya, ukaniomba chumvi!"

"Mkataba ulinikataza kusema, Mama."

"Mkataba! Nilipokubeba miezi tisa, huo mkataba ulikuwa wapi?" Akavuta pumzi. "Na huyo meneja wako, anasema mimi ni nani?"

"Anasema una ndevu. Unakaa kwa mama yako, na unalala mpaka mchana."

Baba alicheka hadi akamwaga beseni. Ilibidi wapige deki wote watatu, na ni wakati wa kupiga deki, akiwa amepiga magoti na tambara mkononi, ambapo Kitinda alimweleza Mama kuhusu mkataba unaoisha.

Mama aliacha kufuta. Akaketi sakafuni palepale penye maji.

"Basi naandika sasa hivi," alisema. "Mgomo umekwisha. Almasi zao sitaki."

"Na wenzako?"

Kidole cha Mama kikasimama juu ya simu. Wenzake walikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mama muuza mkaa, mlinzi wa ghala mwenye wajukuu, watu ambao hajawahi kuwaona uso lakini mayai yao anayajua. Wote walikuwa wameacha kuku wao vichwa wazi kwa sababu Kamanda alisema.

"Watasema nimenunuliwa," alisema Mama. "Na watakuwa hawajakosea. Lakini mtoto ni mtoto." Macho yakamjaa maji, akayafuta kwa nyuma ya mkono.

Kitinda alikuwa amezoea matusi ya watu mia kwa siku. Machozi yale hakuyaweza. "Usiandike, Mama. Tafadhali usiandike."

"Basi niambie kweli. Hilo daraja lipo?"

"Halipo. Wajenzi wake wamehamishiwa kwenye kofia."

Mama aliinua macho akautazama ukuta wake: pazia, saa ya tofaa, maua ya plastiki. Akautazama na ule mto wa moyo ndani ya mfuko. Hakutaka kusema, ilionekana kabisa kwamba hakutaka, lakini lilimtoka.

"Kama wewe."

"Nini, Mama?"

"Mimi nasema bati, wewe unaniletea kofia."

Kitinda alitamani ardhi ipasuke. Aliutazama ukuta naye, vile vitu vyote vizuri, vikavu, vimepangwa kwa mapenzi, akaona aibu ambayo hakuna jibu lake kwenye karatasi ya ofisini.

"Vitu navipenda," Mama alisema, akimshika goti. "Saa naipenda kwelikweli. Lakini ungeniambia tu, 'Mama, hela haijatosha.' Kungoja naweza. Kuambiwa kesho, kesho, kesho, huko ndiko kunakonichosha."

&nbsp;

Jumatatu Kitinda alivaa blauzi yake nzuri kuliko zote, ili kama ni kufukuzwa afukuzwe akiwa amependeza. Alikaa mbele ya kompyuta, akaibandua karatasi ya majibu, akaigeuza. Halafu akaandika, kwa wote waliowahi kulalamikia daraja:

"Wapendwa, daraja halijajengwa. Wajenzi wake wako kwenye kofia. Litakuja lini sijui, na kila nilipowaambia linafanyiwa kazi sikusema kweli. Naombeni radhi. Bi Furaha."

Akabonyeza.

Meneja alitoka ofisini kwake mbio, akinyoosha mkono kama anayezuia gari, na suti yake ikapasuka kwapani, kraa, wote wakasikia. "Umefanya nini? Umefanya nini, dada wewe?" Simu ya makao makuu ilikuwa inalia tayari. Aliiweka mezani kwa sauti ya wazi, mkono mmoja ukishikilia kwapa.

"Nani aliyeandika?" iliuliza sauti ya mwanamke, sauti iliyochoka.

Meneja akamtazama Kitinda. Kitinda akanyoosha mkono juu, ingawa simu haioni mkono. "Ni mimi."

"Subirini."

Wakasubiri. Ujumbe ulikuwa ukiingia kwenye kioo cha Kitinda mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza hakuogopa kuusoma. "Hatimaye!" "Asante, dada yangu." "Nilijua tu, kofia, kofia." Kisha Kamanda, kwenye ubao wa wote: "Wenzangu, leo tumeambiwa ukweli. Mgomo uko palepale. Lakini matusi kwa Bi Furaha yakome kuanzia sasa. Ni mtoto wa watu."

Kitinda akainama chini ya meza akajifanya anatafuta kalamu, mpaka macho yakakauka.

"Ajabu," ilisema sauti kwenye simu. "Juma lililopita watu walikuwa wanaifuta gemu kila saa. Tangu huo ujumbe uende, hakuna aliyefuta. Kofia ya Ijumaa iahirisheni. Wale wajenzi wawili tutawarudisha."

"Ni wazo nililokuwa nalo mimi mwenyewe," alisema Meneja, akibana kwapa.

Kitinda hakufukuzwa. Hakusifiwa pia. Mwisho wa mwezi alipewa bahasha moja yenye karatasi mbili: barua ya onyo, na mkataba mpya, wa majaribio tena. Alizisoma zote mbili ngazini, akicheka peke yake, na muuza matairi akamuuliza kama yuko salama.

&nbsp;

Siku ya mshahara alipita mbele ya lile duka lake. Dirishani palikuwa na taa yenye umbo la bata. Akasimama, akaitazama vizuri, akaiaga, akaenda kwa muuza bati.

"Hela imetosha mabati mawili, Mama," alisema nyumbani. "Ya upande wa cherehani. Upande wa kochi sina hela yake, na sijui nitaipata lini."

"Sawasawa," alisema Mama. "Nimeelewa."

"Na mimi?" Baba aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Wewe suala lako tunalifanyia kazi," walimjibu wote wawili kwa pamoja.

Daraja nalo likaja, lilichelewa lakini likaja. Mama alilivuka wa kwanza, kuku mia mbili nyuma yake, huku akipiga vigelegele peke yake sebuleni. Ng'ambo alikuta uwanja mtupu na kibao: Soko Linakuja Hivi Karibuni. Alitukana tusi moja refu, akacheka, kisha, kwa hiari yake mwenyewe, akanunua kofia moja ya majani akamvika jogoo.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilinyesha mchana wa siku ya kazi. Kitinda aliisikia ikigonga madirisha ya ofisi, na mwili wake ukajikaza wenyewe, kama unataka kuinuka ukashike upande mmoja wa cherehani. Kompyuta ikalia. Kamanda.

"Bi Furaha, huku mvua inanyesha. Cherehani sijaisogeza."

Kitinda akaisoma karatasi ya majibu toka la kwanza hadi la mwisho, kwa mazoea tu. Hakuna lililofaa. Akaandika: "Umekula, Mama?" Halafu akafuta neno la mwisho, maana Meneja alikuwa amesimama nyuma yake, akaandika tena.

"Umekula, Kamanda?"